Jagi la umeme la lita 1.8, nimelipima kwa taa ya mita ya LUKU

Hili jagi ninalo mwezi wa nne sasa, nililinunua Mwanjelwa hapa Mbeya kwa 35,000, la stenlesi, wati 1500. Naandika kwa sababu kila anayekuja nyumbani akiliona anasema hilo litawamalizia umeme, na mama mwenyewe mwezi wa kwanza alikataa kabisa lisichomekwe, akawa anaamka saa kumi na moja na baridi yote hii kuwasha mkaa wa maji ya kuoga. Iliniuma, nikaamua kupima.

Hesabu sio ngumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kuipandisha nyuzi 1 inataka kilojuli 4.19 hivi. Maji ya bomba kwetu asubuhi nimeyakuta nyuzi 18, na huku juu tulipo, mita kama 1,700 toka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye 94 hivi, hayafiki 100. Kwa hiyo unapandisha nyuzi 76. Mi hujaza lita moja na nusu, hiyo mara 76 mara 4.19 ni kilojuli 478, uniti moja ya LUKU ni kilojuli 3,600, gawanya unapata 0.13.

Hiyo ni ya kwenye karatasi. Nikazima kila kitu ndani mpaka friji, mdogo wangu akashika simu kuangalia muda, mi nikasimama kwenye mita nahesabu ile taa nyekundu inavyowaka na kuzima, mita yetu imeandikwa 1000 imp/kWh yaani ikiwaka mara 1000 ndo uniti moja imeenda. Jagi likajizima dakika ya 6, nimehesabu 150. Uniti 0.15, kwa 356 kila uniti ni shilingi 53! Kilichozidi kwenye hesabu kimeenda kupasha jagi lenyewe na hewa ya jikoni, kidogo tu.

Nikarudia saa mbili usiku, umeme mdogo, taa zinafifia, likachukua dakika 8 na kitu ila taa ya mita imewaka mara 158, karibu sawa na asubuhi. Hapa ndo watu wengi wanakosea jamani, wanaogopa wati zilizoandikwa kwenye boksi, wakati jagi la wati 2200 lingechemsha maji hayo hayo kwa uniti zile zile, tena pungufu kidogo maana linawahi kumaliza joto halijapotea. Kinachokula LUKU ni maji uliyojaza. Unataka kikombe kimoja cha chai halafu unajaza lita nzima, hapo unalipia maji ya kupoa.

Kuoga, ndoo ya lita 15 ya uvuguvugu wa nyuzi 40 inataka kama lita nne na nusu zilizochemka, majagi matatu, shilingi 160.

Sasa ubaya wake. Springi ya mfuniko imelegea wiki ya tatu tu na duka wamekataa kubadilisha. Sio jambo dogo, kwa sababu jagi linajizima pale mvuke unapopita kwenye mpini kwenda kugusa swichi, mfuniko ukiwa wazi mvuke unatokea juu na maji yanaendelea kuchemka tu. Siku moja nusu lita nzima imeishia hewani, na kugeuza nusu lita kuwa mvuke inakula uniti 0.31, zaidi ya kuchemsha majagi mawili ya lita moja na nusu. Kabla hujalipa fungua na ufunge mfuniko mara nyingi hapo hapo dukani. Waya nao ni mfupi, na msichomeke kwenye ekstensheni nyembamba, linavuta ampia 6 na nusu, ya kwetu ilipata moto nikaitoa haraka.

Mama siku hizi analiwasha mwenyewe, anapima maji kwa kikombe kwanza na anaushikilia mfuniko kwa kijiko mpaka lijizime.