Santuri tatu barazani Kibokoni: jazi, kantri na roki kwa masikio ya Mombasa

Assalaam aleikum, hamjambo nyote, karibuni tena. Leo nina santuri tatu, hebu mzione vizuri. Hii ni Kind of Blue ya Miles Davis, ya 1959. Hii ya pili Johnny Cash aliirekodi ndani ya gereza la Folsom, California, mwaka 1968. Na hii ni A Night at the Opera ya Queen, 1975. Zote nimezinunua zikiwa zimeshatumika. Majalada yameliwa na ukungu kidogo, mnaona hapa pembeni, lakini sahani zenyewe ni safi.

Sikutaka kuzichambua peke yangu. Nilibeba mashine na spika mbili hadi barazani kwa mjomba wangu, Kibokoni, baada ya isha, nikazipiga mbele ya watu wasiojua wala kujali wataalamu wa Marekani na Uingereza wamezisifu vipi.

Naanza na jazi, kwa sababu nilidhani hapo watu wataaga mmoja mmoja. Hakuondoka mtu. Mjomba wangu amepiga fidla kwenye taarab za harusi tangu ujana wake. Wimbo wa kwanza ukaanza: besi ya Paul Chambers inasema jambo, wapulizaji wanaitikia kwa noti mbili tu. Inasema tena, wanaitikia tena. Mjomba akasema, "Hawa wana adabu. Mmoja asema, wenziwe wangoja."

Sikilizeni, jamani, hili ni muhimu. Miles hakuwapa wenzake msururu wa kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, za kukimbizana nazo. Aliwapa skeli chache, yaani ngazi za noti, kila mtu akae ndani yake na atafute la kusema. Huo wimbo wa kwanza unakaa kwenye skeli moja, unapanda nusu sauti, kisha unarudi ulikotoka. Basi. Mtu aliyelelewa na bashrafu, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia taarab, aliyewahi kumsubiri Zein l'Abdin auzungushe udi wake kabla hajatamka neno, hawezi kuuliza "wataimba lini?" Nimeambiwa mara nyingi kwamba jazi ni muziki wa hotelini, wa kupigiwa watalii wakila kamba. Mimi naamini kabisa kwamba sisi wa pwani tuna masikio ya muziki huu tayari.

Sasa niwaeleze lililonifanya nirekodi video hii. Tulipofika upande wa pili, mjomba aliingia ndani akatoka na fidla. Akailinganisha na santuri, akawa anaifuata polepole, chini kwa chini. Tukamaliza, nikageuza tena upande wa kwanza. Akavuta upinde mara mbili, akasimama. "Upande huu umepanda."

Nikadhani ni joto, nyuzi zimelegea. Akanitazama tu. Tukarudi upande wa pili: sawasawa. Upande wa kwanza: umepanda, chini ya nusu sauti.

Na ni kweli! Nyimbo tatu za upande wa kwanza zilirekodiwa tarehe 2 Machi 1959, katika studio ya Columbia ya Mtaa wa 30, New York. Siku hiyo mashine ya kanda ilikuwa inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Kanda ya namna hiyo ukiipiga kwenye mashine yenye mwendo sahihi, muziki unaenda mbio kidogo na sauti inapanda. Upande wa pili ulirekodiwa tarehe 22 Aprili, na huko hakuna tatizo. Kosa hilo lilibaki kwenye santuri kwa zaidi ya miaka 30, hadi toleo la 1992 lililosahihishwa kwa kanda ya akiba, iliyorekodiwa kwa mashine nyingine. Mjomba hakusoma popote. Alisikia.

Kwa hiyo ukiwa mnunuzi wa kusikiliza tu, nakala ya zamani haina ubaya. Lakini kama unapiga ala na unataka kufuatana nayo, tafuta toleo linalosema mwendo umesahihishwa. Na usiishie wimbo wa kwanza kama wengi wanavyofanya. Ule wa mwisho, Flamenco Sketches, una skeli tano, na kila mpigaji anakaa kwenye kila moja kadiri anavyotaka. Kwangu hakuna kinachoufikia kwenye santuri hizi tatu.

Tuje kwa Cash. Hapa aliyesema sana ni mzee jirani, mstaafu wa bandarini, mtu wa bara aliyekua na nyimbo za kantri za Jim Reeves redioni. Cash alipoimba kwamba alimpiga mtu risasi Reno, na wafungwa wakapiga kelele za furaha, mzee alipiga paja. Nikamwambia ukweli: kelele hizo ziliongezwa baadaye studioni. Alikasirika. Alisema ni kama kuuziwa samaki aliyepakwa damu aonekane ametoka majini sasa hivi. Kijana mmoja akamjibu kuwa wimbo ni uleule, wakabishana mpaka chai ikapoa.

Mimi niko na mzee. Santuri hii haikuhitaji kuongezewa kitu. Unasikia vipaza sauti vya gereza, unasikia wanaume wakicheka kwa vicheko vyao wenyewe. Na wimbo wa mwisho, Greystone Chapel, uliandikwa na mfungwa wa humo, Glen Sherley. Cash aliusikia usiku wa kuamkia onyesho, akajifunza, kesho yake akauimba mwenyewe Sherley akiwa amekaa mbele. Nilipowasimulia, ubishi ulikoma, wakaniomba niurudie.

Queen nitasema kwa ufupi. Binamu yangu wa tuktuk aliposikia "Bismillah" katikati ya Bohemian Rhapsody aliruka. Hakujua kwamba Freddie Mercury alizaliwa Unguja, 1946, katika familia ya Kiparsi. Shangazi akatoka jikoni kuuliza kwaya ile ni ya watu wangapi. Ni watatu, shangazi: Mercury, Brian May na Roger Taylor, wakirekodi sauti juu ya sauti, mpaka kanda ikachakaa na kuanza kupitisha mwanga. Kazi ya ajabu. Ila santuri nzima inarukaruka mno kutoka mtindo mmoja hadi mwingine, na nusu yake inanichosha.

Jambo la mwisho kwa wanunuzi wa hapa Mombasa: zisimamisheni kama vitabu, mbali na dirisha la jua. Joto letu linapinda sahani, na ukungu huanzia kwenye jalada.

Kind of Blue bado iko kwa mjomba, amekataa kuirudisha. Nani ana nakala ya kabla ya 1992? Ilinganishe na udi au fidla, upande wa pili kwanza, kisha uniandikie hapa chini umesikia nini.