Mbuzi choma mtamu, mhudumu anajibu kama Naibu Waziri

Naanza na nyama kwanza kwa sababu nyama haina kosa. Mbuzi wa pale ni mbuzi kweli, sio wale wa sehemu nyingine unatafuna kama unatafuna kandambili, mbavu zimechomwa taratibu kwenye mkaa, chumvi na ndimu tu, mafuta ya pembeni yamekauka mpaka ukiyauma yanalia. Mimi nyama naipa 9 kwa 10 na hiyo moja nimeinyima kwa hasira tu. Jina la sehemu sitaji maana sitaki kesi, ila ukiwa mwenyeji wa Dodoma utaihisi, au utahisi tano zinazofanana nayo.

Sasa tuje kwenye huduma. Mweee.

Nilienda Jumamosi jioni mwezi huu wa sita, mnajua wenyewe Dodoma ikifika Bunge la bajeti ilivyo, lodge zote bei juu, V8 zimepaki mpaka kwenye mitaro, na ule upepo wa baridi unaokupuliza vumbi na kukugandisha kwa wakati mmoja. Nilikuwa na shemeji yangu katokea Singida, kaja kufuatilia barua yake Mtumba, kule kwenye Mji wa Serikali zilipo wizara, wiki ya pili hii anaambiwa njoo Jumatatu. Nikamwambia shem twende ukale mbuzi usahau shida. Tukakaa, akaja mhudumu, kijana mtanashati, shati jeupe, mikono kaiweka nyuma. Nikaagiza kilo moja, ugali mbili, soda mbili. Nikamuuliza kaka hii nyama inachukua muda gani?

Akasema, "Bosi wangu, suala lako tumelipokea na liko jikoni linafanyiwa kazi."

Mi nikacheka nikajua utani. Zikapita dakika arobaini, soda imeisha, shem ameanza kula vijiti vya meno. Nikamuita tena, kaka vipi ile nyama? Naapa alichojibu ni hiki, "Kwanza kabisa nikupongeze bosi kwa jinsi unavyoifuatilia hii nyama, wateja wenyewe ni mashahidi. Niseme tu kwamba mchakato unaendelea vizuri, na pindi jiko litakapopata nafasi nyama yako itakuwa miongoni mwa vipaumbele."

Miongoni mwa vipaumbele! Shem akanigeukia akasema huyu ana ndugu Mtumba.

Kwa wasiofuatilia Bunge niwaeleze kidogo maana bila hivyo hamtaelewa nilichofanya. Asubuhi bungeni mbunge anakuwa na swali lake la msingi, hilo limeshaandikwa na kupelekwa mapema, kwa hiyo Naibu Waziri anasimama na karatasi anasoma jibu lililopikwa na watu wa wizara, hapo hakuna presha. Presha kidogo ipo kwenye maswali mawili ya nyongeza, hayo hayajaandikwa, na ndio maana yana majibu yake maalum yanayofaa kwa kila kitu, barabara, zahanati, kisima, tembo wanaokula mahindi ya watu, yote jibu ni upembuzi yakinifu unaendelea au itategemea upatikanaji wa fedha au tutaangalia mwaka wa fedha ujao. Mbunge naye akishaona haendi popote anatumia silaha yake ya mwisho, je Mheshimiwa Waziri yuko tayari kuongozana nami baada ya Bunge hili akajionee hali halisi? Na Waziri siku zote yuko tayari. Sijawahi kusikia Waziri amekataa kuongozana, na kama wote wangeongozana kweli wizara zingebaki na walinzi tu.

Basi nikasimama kabisa, nikavuta suruali juu, nikasema, kwa kuwa nyama yangu ina saa nzima haijafika, na kwa kuwa wale waliokuja nyuma yetu tayari wanajichokonoa meno, je mhudumu yuko tayari kuongozana nami kwenda jikoni?

Meza ya jirani wakapiga makofi mezani. Kijana hata hakushtuka. Akasema niko tayari bosi, nikishamaliza kuhudumia meza hii. Akaondoka, sikumuona tena kwa robo saa.

Na jikoni kwenyewe huoni kitu siku hizi, zamani pale jiko lilikuwa wazi, unaona mbavu zako live zinageuzwa unajipa moyo, sasa wamezungushia turubai la bluu, ukiuliza wanakwambia ni kwa ajili ya moshi. Nikakumbuka Januari 2016 ile Bunge live ya TBC ilivyokatwa tukaambiwa ni gharama. Kila mtu ana moshi wake. Shem akaniambia tulia shemeji, hii nyama ni kama Makao Makuu, imetangazwa 1973 serikali imekuja kuhamia kweli kuanzia 2016, wewe saa moja tu unalalamika? Nikanyamaza. Mtu aliyezaliwa Dodoma huwezi kumfundisha kusubiri, ila mtu wa Singida akikuchekea unaumia.

Nyama ikaja, tamu nimeshasema. Lakini kachumbari hakuna. Nikauliza, nikaambiwa kachumbari siku hizi inauzwa 500. Jamani kachumbari! Nyanya mbili na kitunguu vilivyokatwa na mtu mwenye haraka! Mi nilikuwa nishachoka, nikasema ngoja nile hivyo hivyo, na hapa nakiri kabisa kwamba mimi ni wale wananchi wanaolalamika huku wanatafuna.

Aliyesimama ni binti mmoja meza ya kona, nadhani mwanafunzi wa UDOM maana walikuwa wanne wanashea nusu kilo na walihesabu vipande. Akasimama na simu mkononi anarekodi, akasema kwa sauti kwamba kwenye ubao wa bei pale mlangoni kachumbari haijaandikwa, kwa hiyo haiwezi kulipiwa, na anaomba mwenye nyumba aje aeleze hiyo 500 imeanza lini na kwa kikao gani. Kwa kweli alikuwa na hoja. Alisoma ubao, sisi wote tulipita pale tukaangalia bei ya nyama tu.

Hapo ndio burudani ilipoanza. Meza ya katikati, ile yenye vitambaa na viti vya kuegemea, alikuwepo mzee mmoja kavaa suti ya Kaunda rangi ya udongo, tumbo limetangulia. Akafuta mdomo akasema, huyu katumwa, hawa wanaharakati wote wanatumwa na mabeberu. Sasa mzee anasema mabeberu na mbele yake kuna sahani ya beberu kilo na nusu, kaanza kwenye paja yuko kwenye mbavu, mfupa anauzungusha kama anatafuta kituo cha redio. Shem alicheka mpaka ugali ukampalia.

Mwenye nyumba akatokea, jamaa mpole, kashika funguo za gari. Binti akarudia swali lake kwa heshima tu, shikamoo kwanza, halafu kachumbari imeanza kuuzwa lini. Jamaa akamuangalia juu mpaka chini, akatazama ile suruali yake ya jinzi iliyochanika magotini, akasema, "Binti, kwanza wewe umeingiaje hapa na mavazi hayo?"

Hiyo kitu niliikubali kama fundi anavyokubali kazi ya fundi mwenzake. Swali la kachumbari lilikufa pale pale. Ndani ya dakika moja baa nzima inajadili magoti. Mzee wa Kaunda akawa amesimama, mila zetu, maadili yetu, watoto wa siku hizi, utandawazi. Mama mmoja akamjibu kwani suti yako ni mila ya wapi, hiyo si imebeba jina la rais wa kwanza wa Zambia? Mwingine akasema kwa Wagogo wa zamani shuka moja tu ilikuwa inatosha na nusu ya mwili iko nje na hakuna aliyekufa. Dereva wa bodaboda aliyekuja kuchukua oda tu akavua helmeti akakaa, akasema yeye anaunga mkono hoja kwa asilimia mia, hata hakusema hoja ipi.

Na mwone hii vita ilivyo ya zamani. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, wakapiga vita vimini, mawigi, suruali za kubana na mikorogo ya kujichubua, ikaanza kazi Januari 1969, mabibi zetu wengine walikimbizwa Kariakoo kwa ajili ya sketi. Halafu Juni 2021, hapa hapa Dodoma, hapa hapa kwenye msimu wa bajeti, mbunge mmoja wa kike akatolewa ukumbini na Spika wa wakati huo, hayati Job Ndugai, kisa suruali. Ilikuwa mada ya wiki nzima nchi nzima, mpaka leo ukiniuliza suruali ilikuwa rangi gani nakwambia nyeusi, ukiniuliza wiki hiyo ilijadiliwa bajeti ya wizara gani sijui. Na mimi najiita mtu wa kufuatilia!

Turudi kwenye nyama. Mwenye nyumba alipoona kelele zimezidi akainua mkono akasema, haya, wanaoafiki hapa ndani tuwe na mavazi ya heshima waseme ndio. Meza ya Kaunda, watu watatu, wakasema ndiooo. Wasioafiki? Sisi wengine wote siyooo, mpaka glasi zikatetemeka. Akasema nadhani waliosema ndio wameshinda. Akaingia ndani.

Ila binti hakukaa. Hapa nampa heshima yake. Mhudumu akamletea kibakuli cha kachumbari, akamnong'oneza hii ni ofa dada, ya kwako tu. Akakirudisha. Akasema leteni meza zote au msilete. Alisimama hivyo hivyo na simu yake kama dakika kumi, nyama ya kwake wenzake wameshaimaliza, wale sio marafiki. Mwishowe ikatoka beseni zima, kila meza ikapata, hata mzee wa mila alipewa na akaomba aongezewe pilipili. Mi nilikula mbili. Kachumbari 8 kwa 10, kitunguu kimeoshwa na chumvi vizuri, nyanya za kwetu hizi hizi.

Choo nitasema kwa kifupi. Niliuliza kiko wapi, nikajibiwa kipo kwenye ukarabati. Kwa muda gani? Unategemea. Mlinzi akaninyooshea kidole ukutani gizani. 0 kwa 10.

Na nyie wa juisi msihangaike, tuko kwenye mkoa wa zabibu, zinavunwa mara mbili kwa mwaka, nimeuliza juisi ya zabibu nikaambiwa ya embe ni nzuri sana.

Bili sasa. Nyama 16,000, ugali mbili 2,000, soda mbili 2,000, hapo mi najumlisha 20,000. Karatasi inasema 23,500. Nikaangalia chini, kuna mstari kwa mwandiko wa haraka umeandikwa, mengineyo, 3,500. Mengineyo! Kama kitabu cha bajeti kabisa, matumizi mengineyo. Nikamuita kijana, kaka mengineyo ni nini? Akasema ni gharama za uendeshaji bosi. Za kuendesha nini? Akaanza, niseme tu kwamba... nikamwambia kaka, nashika shilingi. Wabunge wanafanya hivyo, anazuia shilingi ya mshahara wa Waziri mpaka apate maelezo ya kueleweka, na ukweli wengi wanairudisha kabla hata hawajaambiwa kitu, ila mimi elfu tatu na mia tano ni nauli ya shem ya kwenda Mtumba. Nikashika kweli. Nikaweka 20,000 mezani nikaikalia ile nyingine.

Nikaomba na risiti, mashine haina mtandao. Nikasema nilipe kwa lipa namba, lipa namba nayo inasumbua. Pesa taslimu ndio haijawahi kusumbua.

Kijana akaenda ndani, akarudi, akasema suala la mengineyo limeondolewa kwa ajili ya marekebisho. Nikashukuru, nikamuachia 1,000 ya kwake maana kusema kweli hana ubaya, ana adabu na hajawahi kunijibu vibaya, tatizo hajawahi kunijibu.

Wakati tunatoka nikapita nyuma ya turubai. Mchoma nyama yupo pale, jasho linamtoka na baridi yote ile, anapepea mkaa na kipande cha boksi. Nikamwambia hongera fundi, nyama nzuri, ila mbona ilichelewa vile? Hata hakuinua kichwa. "Yako ilikuwa tayari mapema tu. Ikachukuliwa ikapelekwa kwa mzee wa suti, nikakuchomea nyingine."

Shem akauliza, na huyo kijana mbona anaongea vile?

"Tangu mwezi wa nne anahudumia waheshimiwa. Wakiondoka wiki mbili anapona."

Narudi mwezi wa saba.