Miezi mitano ya fiziotherapia ya mkono baada ya kiharusi

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umelazwa kwenye mto hapa pembeni, kama mgeni wa heshima. Kiharusi kilinikuta alfajiri nikikanda unga wa maandazi ya biashara, hapa Ngamiani, Tanga. Mguu ulirudi mapema. Mkono uligoma, na ilipofika wiki ya tano ukaanza kuuma: kwanza begani, kisha kiganja kikavimba, kikang'aa, kikawa cha moto. Hata shuka likinigusa napiga kelele.

Kituo cha kwanza nilichokwenda sikitaji. Nilikuwa nabandikwa waya za mashine ya umeme, nawashiwa taa ya joto, mhudumu anakwenda zake na simu. Mwisho napewa kamba iliyopitishwa kwenye gurudumu juu ya mlango, ule mkono mzima uuvute ule mgonjwa kwenda juu, eti uzoee. Vikao sita, na usiku silali. Nyumbani nako jirani yangu mchuaji akaja na mafuta ya nyonyo. Namshukuru kwa moyo wake, lakini siku hiyo nilimwita marehemu mama.

Ninachokisifu ni kituo cha pili, cha kijana aliyesomea fiziotherapia Moshi. Siku ya kwanza hakuligusa bega kwa muda mrefu. Aliniuliza, "Mama, ukiinuka kitandani anakushika nani, na anakushika wapi?" Binti yangu akamwonyesha: anapitisha mkono kwapani kushoto, ananivuta. Kijana akatikisa kichwa. Akabonyeza chini kidogo ya ncha ya bega, kidole kikazama kwenye kishimo ambacho bega la kulia halina. Bega, akasema, halikushikwa na mfupa kama nyonga. Limeshikwa na nyama. Nyama zikilala, mkono unaning'inia kwa uzito wake na kichwa cha mfupa kinashuka. Kila anayeuvuta anazidi kuuumiza kwa ndani. Na ile kamba ya mlangoni aliipiga marufuku hapo hapo: mkono usipandishwe juu ya usawa wa bega wakati kombe la bega limekaa tu halisogei nao.

Kikao kizima kiliishia kuwafundisha binti yangu na mzee wangu. Wanishike kiunoni, si kwapani. Nikikaa, mkono uwe juu ya mto au meza, usining'inie. Nikilalia ubavu wa kulia, wa kushoto uwekwe mbele yangu juu ya mto. Khanga ya kufungia mkono shingoni ni ya kutembelea. Ukishinda nayo, kiwiko kinajikunja na kuzoea. Maji ya kuoga nipime kwa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto unaweza kuungua nisijue. Nililipa 20,000 nikatoka bila kufungwa hata waya mmoja, na mzee wangu akanuna njia nzima. Wiki ya tatu nikalala usiku kucha. Hakununa tena.

Uvimbe ulikawia zaidi, kama miezi miwili. Humo ndimo lilimoingia suala la kioo. Unakisimamisha mezani katikati ya mikono miwili, mgonjwa unafichwa nyuma, unatazama mzima ndani ya kioo huku unafungua na kufumba vidole. Jicho linaona wa kushoto unacheza. Nilidhani nafanyiwa kiini macho, na wajukuu walicheka mpaka wakafukuzwa. Lakini nikifanya dakika 15 asubuhi na jioni, kiganja kinatulia kiasi cha kukubali kuguswa. Ndipo akaanza kuninyoosha vidole, polepole, na siku moja akaniambia nije na unga wangu. Tukakanda, mkono wa kulia juu ya wa kushoto. Nikalia, si kwa maumivu.

Sasa lawama, maana zipo. Kituo kiko ghorofani, ngazi 14, na reli ya kushikia iko upande wa kushoto tu unapopanda. Wagonjwa wa kiharusi! Miadi ya saa 3 huanza saa 4. Bima yangu ililipia vikao vichache, vilivyobaki ni mfukoni, na bajaji ya kwenda na kurudi ni 6,000 juu yake. Nilipomweleza kijana ukweli kuhusu pesa hakukasirika: akanipunguzia iwe mara moja kwa wiki mbili, mengine tufanye nyumbani. Wengine wasingesema hivyo.

Na si kila maumivu ni ya fiziotherapia. Kuna babu tuliyekuwa tunangoja naye benchi moja, mkono na uso vinamuwaka kama pilipili bila hata kuguswa. Yeye alirudishwa kwa daktari apewe vidonge, akaelezwa kwamba moto ule unatoka kwenye ubongo wenyewe. Mazoezi peke yake yasingeuzima.

Hali yangu leo: bega linauma hali ya hewa ikibadilika, au nikijisahau nikabeba mfuko. Kifungo cha gauni bado kinanishinda. Kukuna nazi bado ni kazi ya binti yangu, na anakuna vibaya, machicha anayatupa na tui lake ndani. Maandazi nimerudia mwezi uliopita, kilo mbili tu kwa siku.