Programu ya kodi ya Marekani ukiwa Tanga: fomu 2555 safi, ila msamaha wa kujiajiri kaa nao macho

Nianze na jibu kabisa mwenye haraka aondoke nalo. Kama wewe au mwenzio ni Mmarekani, amejiajiri na mnaishi huku Tanga, hizi programu za kodi za kulipia onlaini zinakufaa kwa kodi ya mapato, ila kodi ya kujiajiri usiiachie programu mpaka ukague mwenyewe mstari kwa mstari. Ninayoizungumzia ni ile tuliyotumia sisi, jina silitaji, ni ya huko huko Marekani na bei inapanda kila ukiongeza fomu.

Mume wangu anatengeneza tovuti za wateja wa nje akiwa hapa nyumbani Raskazone, kabla ya hapo tulikaa Uingereza. Makaratasi ya nyumba nashika mimi, kwa hiyo hiyo programu nimekesha nayo mimi.

Pazuri pake napasifia. Fomu 2555, ile ya kutoa hesabuni mapato uliyoyapata nje, inajazika bila kuumwa kichwa, inakuuliza uko nchi gani, uliingia lini ukatoka lini, halafu inapiga hesabu yenyewe kama umefikisha siku 330 kamili nje ya Marekani ndani ya miezi 12 mfululizo. Kiwango cha juu cha kutoa kwa mwaka 2024 kilikuwa dola 126,500 na kwa 2025 ni dola 130,000, inakiweka yenyewe. Umeme ulikatika katikati ya kazi, uliporudi nikakuta kila kitu kipo pale pale nilipoachia. Kwa hilo nawapa maua yao.

Sasa kimbembe. Ukimaliza 2555 inakuonyesha kodi ya mapato sifuri, unashukuru Mungu, kisha ukishuka chini unakutana na deni, na haikwambii limetoka wapi. Hiyo ndo kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3, yaani 12.4 ya pensheni yao na 2.9 ya Medicare, bima yao ya afya ya wazee, na fomu 2555 haipunguzi hapo hata senti. Inakukamata ukishapata faida ya dola 400 tu. Tuseme mtu kapata faida ya dola 30,000 kwa mwaka, inachukuliwa asilimia 92.35 yake, inakuwa dola 27,705, mara asilimia 15.3 unadaiwa kama dola 4,239, na hapo kodi ya mapato ni sifuri! Hela hiyo kwa Tanga hii ni mtaji wa duka, sasa mtu aliyeambiwa na wenzie kwamba ukikaa nje hulipi kodi si atazimia.

Ndani ya programu kuna kiboksi kimejificha, unafungua menyu, unafungua nyingine, ndo unakuta pameandikwa kwamba umesamehewa kodi ya kujiajiri kwa sababu ya nchi ya kigeni. Ukitia tiki deni linafutika palepale. Haikuulizi una cheti cha kuonyesha unachangia hifadhi ya jamii ya nchi nyingine, haikuulizi nchi gani, na wakati huo huo juu kwenye 2555 umeshaiambia unaishi Tanzania! Hapa ndo nilipochukia kwa kweli. Nikawauliza kwenye chati yao, aliyenijibu akasema weka tiki uendelee. Namshukuru Mungu sikumsikiliza.

Maana msamaha wenyewe hauji kwa tiki, unakuja kwa mkataba wa hifadhi ya jamii kati ya Marekani na nchi unayoishi. Wa kwanza ulikuwa na Italia mwaka 1978, leo Uingereza wanao, Ujerumani, Ufaransa, Kanada, Japani, Brazil wanao. Afrika nzima hakuna hata nchi moja ambayo mkataba wake unafanya kazi. Kwa hiyo Tanzania hatumo, wala Kenya. Kuna shoga yangu wa Chumbageni aliniuliza je mumewe akichangia NSSF kwa hiari haitoshi? Haitoshi mwenzangu, mchango wake ni wa maana kwa hapa nyumbani ila bila mkataba Marekani wanadai yao vilevile.

Tulipokuwa Uingereza ilikuwa halali yetu. Mume wangu alikuwa analipa National Insurance, yaani michango ya hifadhi ya jamii ya kule, HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, wakatoa cheti kwamba yuko chini ya mfumo wao, na utaratibu wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ni kuambatanisha nakala ya cheti hicho na kuandika kwenye Schedule 2, karatasi ya nyongeza ya marejesho, mstari wa kodi ya kujiajiri, maneno haya: "Exempt, see attached statement". Mwaka ule tukatumia programu hii hii, tiki ikafanya kazi, maneno ikayaweka yenyewe, ila sehemu ya kupakia pidiefu ya cheti haikuwepo, ikabidi tuprinti marejesho yote tuyatume kwa posta mpaka Austin, Texas. Umelipia programu ya kutuma onlaini halafu unalamba stempu! Mlioko nchi zenye mkataba ulizeni habari ya pidiefu kabla hamjatoa kadi.

Na kuna kiboksi kingine jirani yake, cha wahubiri, fomu 4361. Nakitaja kwa sababu Tanga hii wamisionari wapo. Kile si cha kila mtu wa dini, ni cha mchungaji ambaye maombi yake ya fomu hiyo yalishakubaliwa na IRS, na kinahusu kipato cha uchungaji peke yake. Mwalimu wa kujitolea anayepiga picha za harusi jioni hakimhusu.

Ukitia tiki huna cheti, wakigundua wanakudai kodi ile ile pamoja na faini na riba, na riba haijali kwamba mlioko nje mna mpaka Juni 15 kuwasilisha, inahesabiwa tangu Aprili 15.

Mume wangu analipa, roho inauma ila si hela ya kutupa, kwa mwaka 2024 kila dola 1,730 ya kipato ilihesabiwa pointi moja, mwisho nne kwa mwaka, na zikitimia 40 ana haki ya pensheni yao uzeeni. Tungekuwa tumetia ile tiki pointi zisingeingia.

Kitu kilichonirudisha kwao mwaka uliofuata ni fomu 1040-ES. Inakugawia deni la mwaka unaokuja mara nne, Aprili, Juni, Septemba na Januari, inakutolea na karatasi za malipo, sisi tunalipa kwenye tovuti ya IRS kutoka akaunti yake ya benki ya kule. Sehemu hiyo haijanisumbua kabisa. Kile kiboksi nimewaandikia wakifunge kwa mtu aliyejaza Tanzania, bado kiko wazi.