Sanduku la Minyoo la Trei Tatu: Miezi Minane ya Matumizi Dar es Salaam

Sanduku hili, ambamo minyoo hugeuza mabaki ya jikoni kuwa mboji, ni la plastiki nyeusi, lina trei tatu zinazopangwa moja juu ya nyingine, mfuniko, na koki ya kutolea maji chini kabisa. Nililinunua mwezi Februari kwa muuzaji wa pembejeo, pamoja na nusu kilo ya minyoo wekundu wa mboji, ambao wataalamu huwaita Eisenia fetida. Kwa uundaji sina neno: trei zinashikana barabara, koki haivuji, na matundu ya trei yanamtosha mnyoo kupanda kutoka kwenye mboji iliyoiva hadi kwenye chakula kipya. Lawama yangu iko kwenye kijitabu cha maelekezo, ambacho bila shaka kiliandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, kwani kinashauri sanduku liwekwe mahali penye joto na lisifunuliwe ovyo.

Nilikifuata neno kwa neno. Juma la pili, saa tisa alasiri, nilifunua nikakuta minyoo wamejazana chini ya mfuniko kama tambi zilizomwagika, wengine wamekaukia sakafuni, na trei ya chini inatoa harufu ya uchachu. Minyoo hawa hustawi kwenye nyuzijoto 15 hadi 25, na joto likizidi 35 huanza kufa. Plastiki nyeusi kwenye kibaraza kinachopigwa na jua la mchana hufika huko upesi. Tena hupumua kwa ngozi, na ngozi hiyo sharti iwe na unyevunyevu, ndiyo maana ukavu huwaua na maji yaliyotuama huwaua vilevile. Nilipompigia simu muuzaji, aliniambia niongeze maji, ushauri ambao ungewamaliza waliosalia, maana matandiko, yaani tabaka laini ambamo minyoo huishi, yalikuwa yametota tayari.

Nilichofanya ni kulihamishia sanduku nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha tangi la maji, nikatoboa matundu ubavuni karibu na mfuniko na kuyaziba kwa kipande cha chandarua, kisha nikalifunika kwa gunia la katani ninalolilowesha kila asubuhi. Matandiko niliyatupa yote, nikaweka nyuzi za makumbi ya nazi na trei za mayai zilizochanwachanwa. Kipimo changu cha unyevu ni kukamua konzi moja ya matandiko: yakidondoka matone mawili matatu inatosha, yakichuruzika ni balaa.

Kuhusu chakula, kijitabu kinasema minyoo hula nusu ya uzito wao kwa siku. Huenda ikawa hivyo kwa minyoo waliokwisha kuzoea, lakini kwa wageni ni kulijaza sanduku uvundo. Mimi nilianza na kiganja kimoja cha maganda ya ndizi na makapi ya chai kila baada ya siku tatu, nikiyafukia ili inzi wasiyafikie. Malimau, vitunguu na makombo ya pilau yenye chumvi na mafuta hayaingii kabisa, ila maganda ya mayai yaliyosagwa huingia, kwa kuwa hupunguza uchachu. Sisimizi walipovamia niliisimamisha miguu ya sanduku ndani ya makopo ya maji.

Mwezi Juni niliona vifuko vya mayai, vidogo kama punje za mtama, vyenye umbo la limau, na Septemba nikavuna trei ya kwanza ya mboji nyeusi isiyonuka, ambayo sasa inalisha mchicha wangu. Maji ya koki, ambayo kijitabu kinayasifu kuwa mbolea, kwangu ni dalili kwamba nimezidisha unyevu. Huyazimua na kuyamwagia maua tu.

Ningelinunua tena? Kwa mkazi wa Lushoto au Arusha, kunako ubaridi, ndiyo. Kwa mtu wa Pwani, ndoo mbili za lita 20 zilizotobolewa na kuwekwa kivulini zinafanya kazi ileile kwa bei ndogo mno, na fedha itakayobaki inatosha kununua minyoo wa kutosha.