TAHADHARI: Kazi za uuguzi zinazouzwa kwa wahitimu wapya Mombasa

Kila matokeo ya mtihani wa Baraza la Wauguzi yanapotoka, matapeli nao huingia kazini. Wanajua nesi mpya anangoja leseni au ameipata juzi, nyumbani anaulizwa kila siku kazi imefikia wapi, na barua ya ajira ya kweli hajawahi kuiona. Kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram ya wahitimu majina hubadilika, lakini ujumbe huwa na sura hii:

"Hongera. Jina lako limepita, nafasi ya muuguzi hospitali ya kaunti. Mshahara 62,000 na posho. Zimebaki nafasi 3. Tuma 3,850 ya vipimo vya afya na sare kabla ya saa kumi leo. Jumatatu saa mbili asubuhi njoo na vyeti halisi. Usipige, niko kikaoni. Afisa wa Ajira."

Anza na anayejiita afisa. Tangu huduma za afya zihamie kaunti mwaka 2013, muuguzi wa hospitali ya kaunti huajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Coast General pale Makadara, kwa ukubwa wake wote, ni hospitali ya kaunti. Kwa hivyo matroni hana nafasi mfukoni, na karani wa masjala hana. Wanaweza kujua wadi fulani ina upungufu wa manesi, lakini barua ya ajira hawaandiki wao. Nafasi hutangazwa hadharani na tarehe ya mwisho ya kuomba, watu huitwa kwenye usaili, ndipo barua hutoka. Ukipongezwa kwa kazi ambayo hukuiomba wala hukufanyiwa usaili wake, hapo hakuna la kufikiria: ni utapeli. Wa digrii nao wajue kwamba ule mwaka wa intanishipu, yaani mazoezi ya kazi baada ya masomo, hupangwa na Wizara ya Afya. Anayekuuzia kituo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa ile 3,850. Kiasi hicho kimepimwa: unaweza kumkopa shangazi leo hii ukakipata, na ukishalizwa utaona haya kwenda kituo cha polisi kwa sababu yake. Tena huwa si cha mwisho. Ukituma, jioni utaambiwa faili lako halina cheti cha tabia njema, kinapatikana "haraka" kwa 4,000, kisha cheti cha kodi kwa 1,500. Cheti cha tabia njema huombwa kwenye eCitizen kwa shilingi 1,050, ukachapisha fomu ukaenda kupigwa alama za vidole mwenyewe. Vidole havipigwi kwa niaba. Cheti cha kodi cha KRA ni bure kwenye iTax. Mwajiri akitaka vipimo vya afya, utaenda hospitali, utalipa dirishani na utapewa risiti.

Angalia pia pesa inakoenda. Malipo ya huduma za serikali hupitia eCitizen, na paybill yake ni 222222. Tapeli atakupa namba ya simu, Pochi la Biashara au till. Kabla hujathibitisha, M-Pesa hukuonyesha jina la anayepokea, na hapo ndipo wengi hubonyeza mbio bila kusoma. Ukiona jina la mtu binafsi, au la duka la vipodozi, acha hapo hapo. Sababu ya "akaunti ya idara ina hitilafu leo" imetumika mpaka imechakaa.

Barua pepe nayo isomwe herufi kwa herufi. Anwani ya ofisi ya serikali huishia na .go.ke. Jina refu la hospitali likiwa mbele ya gmail.com, mtu yeyote aliye na simu angeweza kulifungua kwa dakika tano. Nembo kwenye barua haithibitishi kitu, kwani hunakiliwa kutoka tovuti. Pigia ofisi husika kwa namba uliyoitoa kwenye tovuti yao, si ile iliyo chini ya barua.

Vyeti halisi ndivyo vinavyotuumiza roho zaidi. Kwenye usaili wa kweli huonyeshwa, hulinganishwa na nakala, na unarudi navyo nyumbani siku hiyo hiyo. Anayetaka kubaki navyo anataka kukufunga kamba. Hata nakala tu ina hatari yake: namba ya usajili na nakala ya leseni yako vinaweza kutumiwa na mtu asiyesomea uuguzi kupata lokamu, yaani zamu za muda, kwa jina lako, na mgonjwa akidhurika, jina litakaloulizwa kwenye Baraza ni lako. Kwa hivyo kabla ya kutuma nakala, andika juu yake kwa mshazari, ukipita katikati ya maandishi: "Nakala ya maombi ya kazi", jina la unayempelekea, na tarehe. Kwenye simu hilo hufanyika kwa programu yoyote ya kuhariri picha. Nenosiri la akaunti yako ya Baraza usimpe mtu, hata wa saiba anayekujazia fomu.

Zahanati binafsi za mitaani zina mchezo wa aina nyingine. Hawaombi pesa, wanaomba kazi ya bure. Unaambiwa uanze "majaribio" ya wiki mbili au mwezi, zamu za usiku, ukimaliza wanaingiza mhitimu mwingine. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu kipindi cha majaribio kisichozidi miezi 6, lakini mfanyakazi wa majaribio ni mfanyakazi na analipwa. Mkataba wa miezi 3 au zaidi lazima uandikwe. Kabla ya zamu ya kwanza tazama leseni ya kituo ukutani, hakikisha ni ya mwaka huu. Na anayekwambia "anza tu, leseni yako itakuja baadaye" anakutia hatarini wewe: kufanya uuguzi bila leseni ni kosa lako pia. Ukidhulumiwa mshahara, nenda ofisi ya leba.

Ng'ambo ndiko pesa kubwa huliwa. Wakala anayepeleka watu nje lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Litafute jina lake kwenye orodha ya Mamlaka, maana cheti kilichotundikwa ofisini huenda kimekwisha muda. Kwa nchi za Ghuba, vyeti huhakikiwa na kampuni ya DataFlow, inayouliza moja kwa moja chuoni na kwenye hospitali uliyosema umefanya kazi. Waajiri wengi wa huko wanataka uzoefu, kwa kawaida miaka 2, na hapo ndipo wakala hukutengenezea barua ya uzoefu. Hospitali ikijibu haikujui, ripoti mbaya inabaki kwa jina lako. Wakala yeye ameshalipwa. Visa yako ikiwa ya Kiarabu, mpe mtu aliyesoma akusomee mstari wa kazi, na Mombasa hawakosekani: muuguzi wa kike ni mumarridha, na ukikuta amila manziliya umeandikwa mfanyakazi wa nyumbani. Visa ya matembezi "tutaibadilisha ukifika" usipande nayo ndege.

Uingereza ilifunga visa ya wahudumu wa matunzo kwa waombaji wapya walio nje ya nchi hiyo tarehe 22 Julai 2025. Bado kuna wanaoiuza. Muuguzi hupitia usajili wa NMC, baraza la wauguzi la huko, na mwajiri lazima awe kwenye orodha ya wadhamini iliyo wazi kwenye tovuti ya gov.uk.

Kama umeshatuma pesa, usianze kubishana naye, atakuzuia na kuingia mitini. Peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 papo hapo kuomba urejeshwe; pesa ikishatolewa kwa wakala, nafasi ya kuipata ni finyu. Ujumbe wa utapeli upeleke 333. Piga picha za mazungumzo yakiwa na namba na saa, usifute chochote, nenda polisi ukachukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wana laini ya bure, 0800 722 203. Halafu mjihadhari na yule atakayekutafuta siku chache baadaye akisema ana mtu wake Safaricom wa kukurudishia pesa kwa ada ya 1,000. Mara nyingi namba zenu anazitoa kwenye grupu lile lile.