Geuza ngozi kwanza: tandiko la kondoo nililomnunulia Mama barabara ya Mai Mahiu

Mama alipovunjika nyonga mwaka juzi nilimtoa Mombasa nikamleta kwangu Limuru nimuuguze mwenyewe. Mtu wa miaka 78, umri wote kalala Mji wa Kale dirisha wazi na kanga moja, akafika huku Juni, ukungu umeshuka kwenye majani chai mpaka mlangoni. Nilimfunika mablanketi matatu na bado nikimshika miguu naikuta baridi. Muuguzi aliyekuwa akija kumtazama ndiye aliyeniambia nitafute ngozi ya kondoo yenye sufu yake. Joto ni faida moja, alisema, lakini yeye alikuwa akifikiria visigino na makalio ya Mama, pale mfupa unapokandamiza kitanda usiku kucha na vidonda vikaanza.

Mtu wa Limuru hahitaji kuelekezwa ngozi zinauzwa wapi. Ukipita Rironi ukashika barabara ya Mai Mahiu, inapoanza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa, utaona vibanda vimepangana ukingoni, mlima Longonot kule mbele, na ngozi zimetundikwa: nyeupe, kahawia, nyeusi, na nyingine zimetiwa rangi nyekundu na waridi. "Karibu mama, kushika ni bure!"

Nikashika, na kwa kushika huko nikanunua. Sufu ilikuwa nyeupe, ndefu, imechanwa ikasimama kama povu la maziwa. Nilitoa shilingi 1,800 nikaondoka nimeikumbatia. Mama ndiye aliyeigeuza, amelala vile vile kitandani. Akapitisha kiganja upande wa nyama, akaikunja kidogo, ikalia kama karatasi. Akanusa vidole vyake. "Hii haijadabaghiwa, mwanangu. Hii ni ngozi mbichi iliyovaa nguo."

Neno hilo, kudabagha, yaani kuitia ngozi dawa isioze, alikuwa nalo tangu kwa babu, aliyeswalia ngozi ya kondoo wa Idi ya Kuchinja mpaka ikaisha manyoya penye magoti. Mimi nilidhani italainika kwa kulaliwa. Wiki ya tatu ya ukungu chumba kikaanza kunuka bucha, sufu ikawa inang'oka kwa mafungu, na mgongo wa ngozi ukapasuka katikati. Sasa najua sababu. Ngozi ile ilipakwa chumvi ikaanikwa juani, basi. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, ngozi isiyotengenezwa ikipata unyevu huanza kuoza, na ikioza mizizi ya sufu huachia. Mahali pakavu ingeweza kudanganya mwaka mzima. Limuru haikuipa hata mwezi.

Nilirudi Jumamosi moja nikapita vibanda vyote bila kugusa sufu hata moja. Kibanda karibu na mwisho nikamkuta mzee aliyekuwa anapanga ngozi zake kifudifudi, mgongo juu, manyoya chini. Nikamwambia, "Mzee wangu, mimi nimeshaumwa na nyoka hapa." Akanisogezea kigoda. "Basi mama, usiangalie sura. Angalia mgongo."

Kwa huyo mzee ndiko ninakowatuma watu siku hizi, na sababu ni ile nusu saa aliyonipa. Mgongo wa ngozi yake ulikuwa wa kijivu chenye ubuluu, laini, unakunjika kama kitambaa kizito na kurudi bila alama. Rangi ile, alisema, inatokana na dawa ya kromu ya kiwandani. Ukiona mgongo wa hudhurungi wenye harufu ya magome, hiyo imetengenezwa kwa gome la muwati, nayo ni nzuri pia, ila huwa nzito kidogo. Ule mweupe mkavu wenye unga unga, rudisha. Akapasua sufu kwa vidole viwili mpaka ngozi ikaonekana, akaniambia nitafute matundu ya kisu cha mchunaji, maana tundu la leo ni mpasuko wa kesho. Akang'oa nyuzi chache akazichoma kwa kiberiti: zikanuka nywele zilizoungua, moto ukajizima, majivu yakasagika kidoleni. Manyoya ya plastiki huyeyuka yakaganda kama shanga ngumu. Kuhusu zile nyekundu na waridi, alisugua moja kwa kitambaa cheupe chenye maji na kitambaa kikatoka safi, lakini mgonjwa sikumtandikia rangi.

Niliuliza kwa nini kondoo wetu wa Pwani hawana sufu ya hivi. Ni mbari tu. Yule wa kichwa cheusi, Dorper, hata kondoo mwekundu wa Kimaasai, ni wa nyama na manyoya yao ni singa fupi. Hizi nene hutoka kwa Corriedale na Merino wanaofugwa huku kwenye baridi, Kinangop na Mau Narok. Aliniomba 3,500, tukaelewana 3,000. Risiti hakuna, na vipimo havilingani, kwa hiyo nenda na utepe au pima kwa mkono wako.

Tandiko lenyewe limefanya kazi kuliko nilivyotarajia. Mama alilala moja kwa moja juu ya sufu, bila shuka katikati, kwa sababu shuka iliyokazwa inazuia nyuzi zisibonyee na kubeba mwili. Hakuloa jasho, maana sufu hunyonya unyevu hadi kama theluthi ya uzito wake na bado ukiigusa unaiona kavu. Hata hivyo niliendelea kumgeuza usiku na mchana kwa zamu aliyonipangia muuguzi. Ngozi haigeuzi mtu. Miezi minne ya kitandani, visigino vyake havikufunguka hata kimoja. Lakini kama mgonjwa wako hajizuii mkojo, tandiko la barabarani halitakufaa: zipo ngozi za hospitali zilizotengenezwa zivumilie maji ya moto, na hizo hapa sijaziona. Na mtoto mchanga asilazwe juu ya sufu nene, hata ikiwa laini vipi, pumzi yake ni muhimu zaidi.

Kuitunza kunataka subira zaidi ya pesa. Kila asubuhi naikung'uta nje na kuiacha kivulini saa moja. Nikiona sufu imeshikana naichana kwa brashi ya waya, ile ya mbwa, ikiwa kavu kabisa. Chai ikimwagika nafyonza kwa kitambaa, sisugui. Mara mbili kwa mwaka naifua kwenye beseni kwa maji ya uvuguvugu na shampuu kidogo. Sabuni za unga zinazosifiwa kwamba zinakula madoa siziruhusu karibu yake, kwa sababu vimeng'enya vinavyokula doa la yai vinakula na sufu, vyote ni protini. Naikamua kwa kuibana ndani ya taulo, bila kuisokota, kisha naitandaza kivulini. Hapo ndipo wengi huharibu: wanaiacha ikauke peke yake, au wanaiweka karibu na jiko, wakaikuta imekuwa ubao. Mimi kila nikipita naivuta pembe zote nne, huku na huku, siku tatu mpaka ikauke, nayo inabaki laini kama nilivyoinunua.

Nondo nusura waimalize wakati Mama alipokwenda Mombasa kupumzika, nami nikaikunja nikaisukuma chini ya kitanda. Wanapenda giza na mahali pasipoguswa. Nilikuta viwavi vyeupe na njia zao zimechimbwa kwenye sufu. Niliitia mfukoni nikaiweka kwenye friza ya jirani siku tatu, nikaichana nje mpaka mkono ukachoka. Tangu hapo haikai imekunjwa wiki nzima.

Mama sasa anatembea kwa mkongojo na anaswali amekaa kitini. Tandiko kubwa limebaki kitandani mwake, ila ametaka jingine dogo la kuweka chini ya miguu, la kahawia kama lile la babu. Nimeshachukua urefu kwa pindo la kanga, na Jumamosi nateremka tena kwa mzee.